Ufunguo Haupewi Mgeni

Kila zama huwa na mwizi wake. Mwizi wa kale alitoboa ukuta usiku, na mbwa alipobweka alikimbia. Mwizi wa zama zetu havunji kitu. Huja mchana, hupiga hodi kwa adabu, hujitambulisha kwa jina la mtu mwenye heshima, na mwenye nyumba humfungulia kwa mkono wake mwenyewe. Akiisha kuchukua alichokitaka hutoka taratibu, na pengine huagwa kwa shukrani. Wizi wa namna hii ndio unaofanywa na tovuti za uongo zinazoiba nywila za watu. Insha hii yaandikwa kukuomba wewe, msomaji, usikubali kuwa bawabu wa mwizi huyo.

Nywila ni neno la siri ambalo kwalo mtambo humtambua mwenye mali. Mtambo ulio mbali hauna macho ya kukuona wala masikio ya kuikumbuka sauti yako. Haujui kuwa wewe ni mtoto wa fulani wa Marafa, kwamba ulisoma shule fulani, wala kwamba watu wa kijiji wanakusifu kwa uaminifu. Wajua jambo moja tu: aliyelitaja neno ndiye mwenyewe. Kwa hiyo mtu mwingine akilipata neno lako, mbele ya mtambo huo yeye ndiye wewe, na wewe umekuwa mgeni katika nyumba yako.

Nywila na mwizi wake karibu ni pacha. Miongoni mwa tarakilishi za kwanza kutumia nywila ilikuwa ile ya Massachusetts Institute of Technology, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi walitumia mashine moja kwa zamu, na kila mmoja alitaka kazi yake isionwe na mwenziwe. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa chuo hicho hicho, akitamani saa zaidi za kuitumia mashine, aliiagiza imchapie orodha ya nywila zote, nayo ikamchapia. Katika miaka ya 1990 wezi waligundua jambo jingine: si lazima kuidanganya mashine, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumdanganya mtu. Walijifanya wafanyakazi wa kampuni ya America Online, wakawaandikia wateja wake na kuwataka wathibitishe nywila zao. Wasemaji wa Kiingereza wakakipa kitendo hicho jina lenye matamshi yale yale ya kuvua samaki.

Jina hilo lafaa. Mvuvi wa Ngomeni hamfukuzi samaki kwa rungu. Hutega dema, hutia chambo ndani, hurudi pwani akangoja. Samaki huingia kwa mapezi yake mwenyewe.

Tazama jinsi dema la nywila linavyotegwa. Kijana amemaliza Kidato cha Nne, naye anangoja habari za mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Simu yake yalia. Ujumbe wasema kuwa fomu yake ina kasoro, na kwamba asipoisahihisha kabla ya saa sita usiku atakosa mkopo. Chini ya maneno hayo pana kiungo. Kijana hukibonyeza, na ukurasa hufunguka wenye nembo, rangi na maneno aliyoyazoea. Huandika jina lake na nywila yake. Ukurasa hujibu kuwa nywila si sahihi, kisha humpeleka katika tovuti ya kweli. Huandika tena, huingia, huona mambo yake yako salama, hulala usingizi mzuri. Hakujua kuwa ukurasa wa kwanza ulikuwa dema. Nembo aliyoiamini ni picha, na picha hunakiliwa na yeyote kwa muda wa dakika moja. Alipokuwa akilala, neno lake la siri lilikuwa limekwisha kufika mikononi mwa mtu asiyemjua.

Katika hila hiyo mna mambo matatu, nayo hayakosekani katika hila nyingine yoyote ya aina hii: hofu au tumaini, jina la mwenye mamlaka, na haraka. La tatu ndilo kubwa. Hofu ikipewa muda hupungua, na jina la mwenye mamlaka likipewa muda huchunguzwa. Ndiyo sababu mwizi hakosi kuweka saa. Wazee waliosema kuwa haraka haraka haina baraka hawakuwaona walaghai wa simu, lakini waliwapatia dawa yao.

Yote haya yamekwisha kusemwa na kutangazwa mara nyingi, hata hivyo watu wanaendelea kuibiwa. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu tunazo hoja nne tunazozitumia kujitetea tusijilinde, na hoja hizo tumezirithishana mpaka zimekuwa kama mithali. Nataka kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza husema kuwa haya ni mambo ya mjini. Sisi tulio Marafa, husemwa, katikati ya mashamba ya mahindi na mananasi, tuko mbali na wezi wa mitandao. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mwizi angekuja kwa basi. Lakini njia anayoipita ni ile ile inayopitisha fedha zetu. M-PESA ilianzishwa Kenya mwezi wa Machi 2007, na leo hapana kijiji katika Magarini kisichoijua. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuwa huduma zake zaidi ya 5,000 zimewekwa katika eCitizen. Kijana wa Marafa anayetaka nafasi ya chuo, mkopo wa masomo, cheti cha tabia njema au nambari ya kodi hana budi kupita katika milango hiyo hiyo apitayo kijana wa Nairobi. Mzee aliyetimiza miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa tajiri wa Nairobi shilingi 2,000 ni fedha za chakula cha mchana. Kwa bibi wa Marafa ni unga wa mwezi. Nani kati ya hao wawili ataumia zaidi akiibiwa?

Nenda ukasimame ukingoni mwa Nyari, bonde letu ambalo wageni huliita Hell's Kitchen. Jina hilo la Nyari, katika Kigiriama, husimuliwa kuwa na maana ya mahali palipovunjika penyewe. Lakini hapana mahali pavunjikapo penyewe. Pale pamevunjwa na mvua, tone baada ya tone, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa mchanga ni laini na hapana kilichouzuia usichukuliwe na maji. Nyumba nyingi husema vivyo hivyo juu ya akiba zao, kwamba zimekwisha zenyewe. Hazikwisha zenyewe. Pana aliyezichukua, naye alizichukua kidogo kidogo kwa kuwa hapana aliyemzuia.

Hoja ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ina dharau ndani yake. Husema kuwa wanaoibiwa ni wajinga na wenye tamaa, basi na waibiwe. Hoja hii husemwa kwa kicheko, na anayeisema hujiona mwerevu. Na tuitazame kwa mizani ya mambo yaliyotukia.

Mwezi wa Machi 2016, John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton katika uchaguzi wa urais wa Marekani, alipata barua pepe iliyojifanya kutoka Google ikimwambia abadilishe nywila yake. Barua ilionyeshwa kwa mtaalamu wa tarakilishi wa kampeni hiyo, naye akajibu kuwa ni barua halali. Baadaye alisema kuwa alikusudia kuandika kinyume cha neno hilo. Kiungo kikabonyezwa. Maelfu ya barua za siri yakaangukia mikononi mwa wadukuzi na kuenezwa ulimwenguni. Kati ya mwaka 2013 na 2015 mtu mmoja wa Lithuania aliziandikia Google na Facebook, kampuni zilizojaa mafundi wa mitandao, akijifanya mfanyabiashara waliyemzoea, na zikamlipa zaidi ya dola milioni 100 kabla ya kugundua. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na wengine ziliandikwa maneno ya ulaghai wa kuomba fedha. Walioziteka hawakuvunja mtambo. Waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter wakijifanya wenzao wa idara ya mitambo, wakawaelekeza katika ukurasa wa uongo, na kiongozi wao alikuwa kijana wa miaka 17 wa jimbo la Florida.

Je, hao nao walikuwa wajinga? Kama mtaalamu aweza kunaswa kwa kuteleza kidole, seuze mama anayeuza maembe kando ya barabara, ambaye ujumbe umemfikia huku mteja akingoja chenji? Nchini Tanzania ujumbe wa "ile pesa itume kwa nambari hii" umekuwa kichekesho cha watu wote. Lakini ufikiri jinsi unavyofanya kazi. Mwizi huutuma kwa maelfu ya watu asiowajua. Wengi hucheka na kuufuta. Lakini kati ya maelfu hayo, hapana budi yuko mmoja ambaye saa ile ile alikuwa kweli akingoja kutumiwa nambari na mwenye nyumba ili alipe kodi. Mtu huyo si mjinga wala hana tamaa. Alikuwa anataka kulipa deni lake kwa wakati. Uaminifu wake ndio uliofanywa chambo.

Kicheko chetu, zaidi ya kuwa si haki, ni msaada kwa mwizi. Mtu akijua kuwa atachekwa, hunyamaza. Akinyamaza, jirani yake hapati onyo, na ujumbe ule ule ulioiba nyumba ya kwanza huingia nyumba ya pili, ya tatu na ya kumi. Wazee walisema kuwa mficha uchi hazai. Lakini ni nani aliyemfanya aufiche, kama si sisi tuliosimama mlangoni tukicheka? Sheria yenyewe ina adabu kuliko sisi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 kilimtaja anayeanzisha tovuti au kutuma ujumbe kwa nia ya kumshawishi mtu kufichua habari zake, kikamwekea faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Aliyedanganywa hakuwekewa adhabu yoyote. Iweje kijiji kimhukumu mtu ambaye sheria haikumhukumu?

Hoja ya tatu ni ya unyenyekevu wa uongo. Husema: mimi ni mwanafunzi, sina fedha, sina cheo, mwizi ataniibia nini? Jibu ni kwamba ataliiba jina lako. Una ndugu Mombasa, una mjomba Malindi, una shangazi aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Wote hao hawana sababu ya kumwamini mwizi, lakini wanayo sababu ya kukuamini wewe. Mwizi akiiteka WhatsApp yako kwa kukuomba ile nambari ya tarakimu sita "iliyokuja kwako kwa makosa", hatatafuta fedha zako. Atamwandikia shangazi yako kuwa umelazwa hospitalini, naye shangazi atatuma mshahara aliouhangaikia. Kwa hiyo usiseme kuwa huna kitu. Una imani ya watu wako, na imani hiyo ni mali ambayo hukuichuma peke yako. Wazazi wako waliichuma kabla hujazaliwa.

Wazee wetu wa Mijikenda walilijua jambo hili. Katika kaya, ambazo misitu yake iliwekwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu, palifukiwa fingo, kinga ya watu wote, na mahali ilipofukiwa palijulikana na wazee wachache tu. Wazee hao hawakuwa wachoyo. Walifahamu kuwa kuna siri ambazo si za mtu mmoja, na kwamba anayezifichua huwafichua wote. Nywila yako ni ndogo kuliko fingo, lakini sheria yake ni ile ile. Hukuiweka kwa ajili yako tu.

Hoja ya nne ndiyo ngumu, kwa kuwa ndani yake mna ukweli. Wanafunzi wengi wa vijijini hawana simu zao wala tarakilishi. Ikifika siku ya kuomba chuo au mkopo, huenda kwenye duka la tarakilishi, ambalo watu huliita saiba, wakamwambia mwenye duka: "Nifungulie akaunti." Mwenye duka huifungua, hubuni nywila, huiandika katika daftari lake, na pengine hutia nambari ya simu yake na barua pepe yake kwa kuwa kijana hana. Kisha husemwa kuwa mwenye duka ni mtu wetu, tunamjua kwao. Nimewaona vijana waliomaliza shule ambao hawajapata kuiona nywila yao wenyewe hata siku moja. Wakiulizwa hujibu kuwa "iko saiba".

Sisemi kuwa wenye maduka hayo ni wezi. Wengi wao wamewasaidia watu waliokwama, kwa ujira mdogo, na bila wao vijana wengi wangekosa nafasi zao. Lakini daftari lenye nywila za kijiji kizima ni ghala lisilo na mlango. Mwenye duka akiwa mwaminifu, je, kibarua wake wa mwezi ujao naye atakuwa mwaminifu? Daftari likiibwa je? Mtu akija akajifanya mkaguzi, akaomba kulitazama? Na kuna hatari iliyo kubwa zaidi: kijana aliyezoezwa kumpa mwingine nywila yake kila anapotaka huduma hujifunza kuwa nywila ni kitu cha kupewa yeyote anayesaidia. Siku mlaghai atakapompigia na kusema kuwa anamsaidia, kijana huyo hatasita. Tabia ya kutoa imekwisha kujengwa. Aliyelitega dema amekuta samaki aliyefundishwa kuingia.

Umaskini ni udhuru wa kukosa tarakilishi. Si udhuru wa kutoishika nywila yako. Mwambie mwenye duka kwa heshima: "Kaka, nisaidie kila mahali, ila hapa naomba niandike mwenyewe." Andika wewe, naye ageuze uso. Nambari ya simu inayowekwa iwe yako au ya mzazi wako, na barua pepe iwe yako, kwa sababu anayeshika simu hiyo na barua hiyo ndiye atakayepewa nywila mpya siku ya kupotea kwa ya zamani. Mashine ikikuuliza kama iihifadhi nywila, ikatalie. Ukimaliza, toka katika akaunti kabla ya kuinuka kitini. Kama akaunti yako ilifunguliwa zamani na mtu mwingine, badilisha nywila leo. Naye mwenye duka aliye mwaminifu hatachukizwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yawataka wanaokusanya habari za watu wazilinde na wazitumie kwa kusudi walilozikusanyia tu. Daftari lile ni mzigo kwake kama lilivyo hatari kwako.

Hapa mtu atasema kuwa nawatwisha watoto mzigo wa wakubwa. Ni kweli kwamba wakubwa wana deni, nami sitalificha. Shule zenye tarakilishi zingeweza kuwafungulia milango vijana waliomaliza, kwa wiki chache tu za kuomba vyuo, wakaandika fomu zao mbele ya mwalimu bila daftari la mtu yeyote. Taasisi za umma nazo zina deni. Majina ya tovuti yanayoishia na .go.ke yametengwa kwa vyombo vya Serikali, na mlaghai hawezi kujinunulia kama anavyojinunulia jina la biashara. Hilo ni alama njema ambayo mtoto aweza kufundishwa kwa siku moja. Lakini mwaka 2023, mfumo mpya wa kugharimia masomo ya vyuo vikuu ulipoanza, maelfu ya vijana walielekezwa kuandika habari zao katika hef.co.ke, jina la namna ile ile ambayo duka lolote laweza kuandikishwa nayo. Tovuti ile ilikuwa ya kweli. Lakini tutamfundishaje mtoto kuitambua nembo ya Serikali, iwapo Serikali yenyewe yavaa nguo za dukani? Anayetaka watu wamtambue ana wajibu wa kutambulikana.

Hata hivyo, kungoja wakubwa walipe deni lao si ulinzi. Mwezi wa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na huduma nyingi zikasimama kwa siku kadhaa. Wadukuzi wale waliusonga mlango kwa msongamano mpaka wenye haki hawakuweza kupita, na Serikali ilisema kuwa habari za watu hazikupotea. Mafundi waliweza kupigana na shambulio lile, kwa kuwa lilikuwa shambulio juu ya mtambo. Lakini hapana fundi awezaye kuzuia ufunguo ambao mwenyewe ameutoa. Mtambo ukiambiwa neno la kweli hufungua, na ndiyo kazi uliyoumbiwa. Sheria nayo huja nyuma ya mwizi. Fedha zilizotumwa saa nne zaweza kuwa zimetolewa saa nne na dakika tano.

Basi yakubidi uwe na desturi chache, nazo zishike kama ushikavyo desturi ya kunawa kabla ya kula.

Usifuate kiungo kilichokujia. Ukiambiwa kuwa akaunti yako ina kasoro, andika mwenyewe jina la tovuti unalolijua, uingie kwa mlango wako uliouzoea. Kama kasoro ipo, utaikuta huko. Soma jina la tovuti kabla ya kuandika neno lolote, na ulisome kutoka mwisho wake. Tafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake baada ya jina. Sehemu iliyo karibu kabla ya mkwaju huo ndiyo jina la mwenye nyumba. Maneno yaliyotangulia ni mapambo tu, na mlaghai aweza kuyapachika apendavyo, hata jina la benki yako. Usidanganywe na alama ya kufuli. Kufuli husema kuwa maneno yako hayatasikiwa njiani. Haisemi kuwa unayeongea naye ni mwema. Walaghai nao huweka kufuli katika tovuti zao, na mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo katika Chrome kwa kuwa watu waliifahamu vibaya.

Usitumie nywila moja katika kila akaunti, maana mwizi akiipata huijaribu kila mahali. Ilinde zaidi nywila ya barua pepe, kwa kuwa nyingine zote hubadilishwa kupitia kwake. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe utayakumbuka na mwingine hatayakisia. Wacha jina lako, mwaka wako wa kuzaliwa na timu yako ya mpira. Kama huwezi kuyakumbuka, karatasi iliyofichwa nyumbani ni bora kuliko neno moja jepesi lililoenea kote. Washa ulinzi wa hatua mbili mahali unapopatikana, na ile nambari inayokuja kwa simu usimsomee mtu yeyote, hata akijiita nani. Safaricom imewaambia wateja wake kwa miaka mingi kuwa huwapigia kwa nambari 0722 000 000 tu. Lakini hata nambari ikikupendeza, anayekuuliza nambari yako ya siri amekwisha kujitambulisha kuwa mwizi. Mwenye benki wa kweli haihitaji, kama vile mwenye nyumba hahitaji kukuazima ufunguo wa nyumba yake.

Na ukinaswa, maana binadamu hunaswa, usijifiche. Badilisha nywila mara moja. Piga simu kwa benki au kampuni ya simu. Ipeleke nambari ya mlaghai kwa 333, na kama ulituma fedha kwa M-PESA, upeleke ujumbe wake kwa 456 kabla hazijatolewa. Nenda polisi. Kisha uwaambie watu wa nyumbani, wenzako darasani na jirani zako, kwa sauti na bila haya. Kila anayesikia ni samaki mmoja aliyeonyeshwa dema lilipo.

Una kazi moja zaidi, nayo haiwezi kufanywa na mwalimu wako wala na Serikali. Nyumbani kwenu yuko mtu asiyejua kusoma, ambaye simu ikilia hukuita wewe umsomee. Kwake wewe ndiwe macho. Ukimsomea ujumbe wa uongo kama kwamba ni wa kweli, umemwibia bila kujua. Ukimfundisha kutotoa nambari yake ya siri hata kwako, umemlinda hata siku ambayo hutakuwapo. Jambo hilo la mwisho ni gumu, kwa sababu lataka umnyime mjukuu heshima ya kuaminiwa kila kitu. Lakini bibi aliyejifunza kumkatalia mjukuu wake kwa upole atamkatalia mgeni bila taabu.

Elimu unayoipata shuleni itapimwa kwa mitihani, nayo mitihani ina siku zake. Mlaghai haweki siku. Atakuja utakapokuwa umechoka, una haraka, una tumaini. Siku hiyo usijibu mara moja. Tua, soma jina, uliza mtu, na kama hujatosheka, funga simu. Hapana mkopo wa halali, kazi ya halali wala zawadi ya halali itakayopotea kwa sababu mtu alisubiri kidogo ili ahakikishe.